Nyuma ya Turubai: Pikapu ya Familia na Njia ya Uchagani

Pikapu ya familia inayokumbukwa na wengi waliokulia Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980, hasa watoto wa wazazi wa Kichagga, ni Peugeot 404: pua ndefu, taa mbili za mviringo, turubai lililofungwa juu ya mabomba ya chuma, na mkono wa gia uliochomoza kwenye shingo ya usukani. Ziko familia zilizokuwa na Land Rover 109, nyingine Datsun, na baadaye Toyota Hilux ikazifunika zote. Mwaka mzima gari hilo lilibeba saruji, kreti za soda, vitanda vya wanaohama na wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Muhimbili. Hata hivyo, kinachosimuliwa hadi leo ni safari ya Desemba: takriban kilomita 550 kutoka Dar es Salaam hadi vijiji vya Kilimanjaro, ambako Wachagga walio mbali hurudi kula Krismasi na kuuona mwaka mpya. Watani wao husema wanakwenda kuhesabiwa.

Peugeot 404 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, ikiwa imechorwa na wabunifu wa Pininfarina wa Italia. Pikapu yake ikatoka mwishoni mwa muongo huo. Sifa yake Afrika Mashariki haikujengwa na matangazo bali na mbio za East African Safari, ilizozishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyeishi na kufanya kazi Tanzania, akiwa na msoma njia wake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na 1968, walipotangulia Nick Nowicki na Paddy Cliff, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mara, kati ya zaidi ya themanini yaliyoondoka. Mbio hizo zilipita katika tope la milima ya Usambara, na mwenye duka wa Kariakoo aliyekuwa na mzazi mgonjwa kule Mwika, Uchagani, alilielewa somo bila kufafanuliwa. Kenya iliendelea kuunganisha 404 hadi mwaka 1991, Ulaya ikiwa imeshaisahau.

Familia ilinunua pikapu badala ya saluni kwa sababu za kiuchumi kwanza, na za kisiasa kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza ujamaa, gari dogo la kung'aa lilimweka mwenye nalo machoni pa watu. Pikapu ilijitetea yenyewe kwamba ni kitendea kazi. Kahawa nayo ilisaidia. Baridi kali ya Julai 1975 iliua mibuni mingi ya Brazil, bei ikapanda duniani kote mwaka 1976 na 1977, na sehemu ya fedha hizo ikafika kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ingawa si yote iliyostahili kufika. Kisha mambo yakabana. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, vipuri vilivyokuwa vikitoka Nairobi vikawa vya magendo, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikayachukua magari mengi ya raia kwenda kubeba askari. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, pikapu za Kijapani zilimiminika. Zile 404 zilizokuwa bado barabarani zilikwisha kuwa mikweche, na ni katika uzee huo ndipo watoto wengi walipozijua.

Kwa karatasi gari lilikuwa la baba. Kwa matumizi lilikuwa la ukoo, na Desemba lilikuwa la ukoo na majirani. Habari kwamba fulani anapanda Moshi tarehe fulani zilianza kuzunguka tangu Novemba, kanisani, kazini na kwenye foleni ya duka la ushirika. Aliyeuliza kama nafasi ipo hakuambiwa haipo, aliambiwa watabanana. Ni adabu iliyowaumiza magoti watoto wengi.

Kupakia kulianza jioni ya kuamkia safari. Chini kabisa, karibu na kebini, yalikaa magunia ya mchele na mfuko wa sukari, kwa kuwa hivyo viwili ndivyo vilivyotarajiwa kutoka mjini, pamoja na nazi, samaki wakavu, sabuni za miche, mafuta ya taa na vitenge vya kina bibi. Katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilo chache za sukari zilikuwa zawadi ya kumtoa mtu mzima machozi. Mabati ya kuezekea, kama yalipatikana, yalilazwa sakafuni na kuvuruga mpango wote. Juu ya magunia lilitandikwa godoro, juu ya godoro mkeka, juu ya mkeka watoto. Tairi la akiba, jeki, dumu la maji na dumu la petroli vilifungwa pembeni kwa vipande vya mpira wa tyubu.

Mpangilio wa kukaa ulionyesha nani ni nani. Gia ikiwa kwenye usukani, kiti cha mbele kilibaki benchi moja lisilokatwa katikati, na watu wazima watatu walienea: baba kwenye usukani, mama dirishani na mtoto wa mwisho mapajani, katikati bibi au baba mkubwa. Alipotokea mwenye heshima zaidi, mama mwenyewe alihamia nyuma, na hapakuwa na mjadala. Nyuma walikaa shangazi, dada wa kazi, jirani na wanawe, na watoto wa nyumba kwa kufuata umri. Wadogo walisogezwa karibu na kebini, ambako upepo ni mchache. Wakubwa walikaa karibu na ubao wa nyuma, na nafasi hiyo ilikuwa cheo. Kijana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu aliyefikia hapo alihesabiwa kuwa utingo: gari likisimama mlimani aliruka chini na kusukuma kabari ya mti nyuma ya tairi kabla halijarudi, kisha akagonga bodi kumjulisha dereva kuwa aondoke. Wapo waliofika vyuo vikuu na kushika ofisi kubwa ambao bado huisimulia kazi ile ya kabari kwa fahari wasiyoionyesha kwa vyeti vyao.

Safari ilianza alfajiri, saa kumi au kumi na moja, ili joto la mabondeni lisiwakute mbali na vivuli. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Katika miaka ya uhaba wa mafuta, magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali, kwa hiyo aliyepata pancha mbili tatu siku hiyo aliweza kulala njiani akiwa na gari zima. Petroli ilinunuliwa pale ilipoonekana, si pale ilipohitajika, na dumu la akiba lilisafiri pamoja na abiria. Harufu yake ikichanganyika na ya maandazi na mayai ya kuchemsha imebaki kwa watu wengi kuwa ndiyo harufu ya Krismasi, kuliko hata ya nyama ya kuchoma.

Kibaha ilipitwa kungali giza. Baadaye, kiwanda cha TAMCO kilipoanza kuunganisha malori ya Scania pale, baba aliweza kukionyesha kwa kidole, lakini wa nyuma hawakumwona wala kumsikia. Jambo hili halina budi kueleweka ili pikapu yenyewe ieleweke: familia moja ilisafiri katika vyumba viwili. Kebini kulikuwa na mazungumzo ya ada za shule, viwanja na bei ya mabati. Nyuma, chini ya turubai, utawala ulikuwa wa shangazi. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na kioo kidogo ambacho mama alichungulia mara kwa mara kuhesabu vichwa, na ambacho mtoto aliyebanwa na haja alikigonga hadi vidole vikamuuma.

Shangazi aliyekaa nyuma alisema yasiyosemeka mbele. Ndiko watoto walikojifunza kwa nini mjomba fulani hapandi tena kijijini, nani aligombana na nani kwa ajili ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), ni mke yupi aliyeondoka na akarudi, na jina la utani la babu ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Safari nzima ilichukua saa kumi au zaidi, na hakuna darasa la historia ya ukoo lililowahi kudumu muda mrefu hivyo. Leo familia ileile husafiri katika gari lililofungwa vioo, kila mtoto na simu yake, watu wote wakielekea mbele. Wamekaa karibu zaidi kuliko zamani, na wanaambiana machache zaidi.

Abiria wa nyuma waliitazama nchi kinyumenyume. Chalinze, ambako njia ya Morogoro hunyoosha magharibi na ya Moshi hukata kaskazini, waliijua kwa kuona taa zake zikibaki nyuma. Daraja la zamani la Wami lilikuwa jembamba, la kupishana kwa zamu, na watoto walilijua tu pale bodi lilipobadili mlio. Kisha wakauona mto ukiwa umekwisha kuvukwa, na kuanza kubishana kama kile kilichokuwa ukingoni kilikuwa mamba au gogo. Sasa kuna daraja jipya, pana, na wengi hawapiti tena Chalinze kabisa. Barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo hadi Msata huwakatisha katikati ya mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, na msafiri wa leo anayetoka upande wa Tegeta anaweza kufika Segera bila kuionja foleni ya Kibaha.

Lami ya miaka ya 1980 ilikuwa imemomonyoka vibaya. Kulikuwa na sehemu ambazo madereva waliiacha na kuteremka pembeni kwenye udongo, kwa kuwa udongo ulikuwa na mashimo machache. Hapo ndipo turubai lilipogeuka kuwa adui. Gari lenye mgongo wazi likienda kasi, mgandamizo wa hewa nyuma yake hupungua, na vumbi pamoja na moshi wa ekzosi hunyonywa ndani. Kufunga turubai la nyuma kulizuia vumbi na kuleta joto na kichefuchefu. Kulifungua kulileta hewa na vumbi. Familia ziligawanyika katika suala hili, na kila moja iliamini kwamba njia yake ndiyo yenye akili. Kanga za mama zilitolewa, zikaloweshwa maji kidogo na kufungwa puani. Watoto walifika kijijini wakiwa na nyusi nyekundu, na bibi aliwasalimia kwanza na kuwatambua baadaye.

Kuanzia Kabuku hadi ng'ambo ya Korogwe njia huingia katika nchi ya mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye miche 62 tu katika aliyoiagiza ilifika ikiwa hai. Tanganyika ilipopata uhuru mkonge ulikuwa zao lake kuu la kuuza nje, na mwaka 1964 uzalishaji ulikaribia tani 230,000. Sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa mwaka 1967, bei ikaporomoka kwa ushindani wa nyuzi za plastiki, na watoto wa miaka ya 1980 waliona magugu yakipanda kati ya mistari. Ila mistari ilikuwa bado imenyooka, na kwa aliyeketi nyuma ya gari linalokwenda ilizunguka na kufunguka kama mbavu za mwavuli, shamba baada ya shamba, hadi macho yakalegea. Ni hapo watoto wengi walipolala. Leo baadhi ya mashamba yamepandwa upya, mengine yamekuwa ya mahindi na machungwa.

Chakula cha safari kilitoka nyumbani, kwa kuwa kuwalisha watu kumi na watano hotelini kulikuwa jambo la mwendawazimu. Gari lilisimama chini ya mwembe baada ya Segera, kanga ikatandikwa, chapati na kuku wa kukaanga vikafunuliwa, na paja likamwendea baba bila kuulizwa. Kilichonunuliwa njiani ni machungwa ya Muheza na Korogwe, kwa fungu. Wauzaji walilijua soko lao: hawakwenda kwa dereva, walikimbilia nyuma na kunyanyua beseni hadi usawa wa pua za watoto, kisha wakawaachia watoto kazi ya kumshawishi mama. Desturi ya kuongeza chungwa moja juu ya fungu bado ipo. Kilichobadilika ni mahali. Mabasi na magari binafsi huingia kwenye hoteli kubwa za njiani zenye maegesho na vyoo vya kulipia, watu wakala chipsi na kuku kwa dakika ishirini, na mwuza machungwa anazuiwa getini.

Mombo, Mkomazi, Hedaru: joto la sehemu hizi, chini ya ukuta wa Usambara na kisha Upare, liliipima kila rejeta. Karibu kila simulizi la pikapu lina sura ya gari kuchemsha, na karibu kila simulizi linafanyika hapa. Baba alisimamisha gari, akafungua boneti, akawakataza watu wote kusogea, akasogea yeye. Maji yalichotwa kwa jirani yeyote mwenye kisima, ambaye hakuwahi kukataa wala kudai malipo. Tundu dogo la rejeta lilizibwa kwa manjano yaliyomiminwa ndani, au kwa ute wa yai. Tangi la petroli lililovuja lilipakwa sabuni ya mche, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi. Waya wa ekzosi uliokatika ulibadilishwa na waya wa seng'enge kutoka ua wa mtu. Stata ikigoma kulikuwa na handeli ya kuzungushia mbele, na handeli ikishindikana kulikuwa na watu kumi na watano wa kusukuma. Wingi wa abiria, uliolalamikiwa tangu Dar es Salaam, ukawa neema.

Mafundi wa Korogwe, Same na Himo waliizoea injini ya 404 ya sentimita za ujazo 1,618 kiasi kwamba waliisikia kabla ya kuiona. Kabureta moja, platini, plagi nne, pampu ya mafuta: mtu mwenye spana chache, kisu na msasa aliweza kuifikisha popote. Sifa hii isikuzwe kupita kiasi. Yale magari yaliharibika sana, na breki zake katika mteremko hazikumtuliza mtu yeyote. Faida yake ni kwamba yaliharibika kwa namna ambazo binadamu wa kawaida aliweza kuzielewa akiwa amechuchumaa barabarani. Gari la leo huharibika mara chache zaidi, na likiharibika Hedaru hupakiwa juu ya lori.

Kutoka Korogwe hadi Mwanga milima hukaa kulia kwa dereva. Kwa watoto wa nyuma ilikuwa kushoto, na watu waliokulia katika pikapu bado huchanganya pande wanapoielekeza njia hii. Upande wa pili ni mbuga inayoshuka kuelekea mto Pangani, mibuyu, ng'ombe wa Wamasai, na reli. Reli hiyo, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, hutembea na barabara kwa sehemu kubwa, na kukutana na treni kulikuwa kilele cha mchana: watoto wa turubai na abiria wa daraja la tatu walipungiana mikono hadi vumbi likawatenga. Treni ya abiria ikasimama katika miaka ya 1990 na kurejea Desemba 2019, kwa wakati unaofaa kabisa wa kwenda kuhesabiwa. Same na Mwanga waliuza vitunguu na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo gari lilinuka samaki hadi mwisho.

Baada ya Mwanga mlima Kilimanjaro huanza kuonekana, kama mawingu yameridhia. Mbele, kebini, walishakiona kilele cha Kibo kushoto na cha Mawenzi kulia. Nyuma hawakuona kitu. Mlima ulikuwa migongoni mwao. Utingo, kwa cheo chake, aliruhusiwa kusimama na kutoa kichwa kando ya turubai, na ni yeye aliyewatangazia wengine. Wadogo walipanda magunia kuchungulia kwenye kioo kidogo, wakaona kisogo cha bibi. Mtu angetegemea kwamba wangeukumbuka mlima wa mita 5,895; wanachokumbuka wengi ni kugombania kile kioo.

Himo, njiapanda ya Marangu na Rombo, ilikuwa mahali pa kunawa uso na kuvaa nguo nzuri, kwa kuwa mtu hafiki kwao akiwa mchafu hata kama ametoka vumbini. Kuanzia hapo barabara ilipanda katika udongo mwekundu na migomba, hewa ikapoa, na gia ya kwanza ikafanya kazi yake. Manyunyu ya mlimani yaliyaloweka makorongo ya njia za vijijini, na kabari ya utingo ikatumika kwa dhati. Dereva alipiga honi kwenye kona ya mwisho. Watoto wa kihambani walitoka mbio, wakaning'inia kwenye ubao wa nyuma, na gari lililokuwa limejaa likajaa upya.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila aliyewahi kula Krismasi Uchagani: mbuzi, supu ya kisusio, ndizi za machalari, mtori kwa wagonjwa na wazazi, mbege ya ndizi na ulezi iliyotiwa uchungu kwa gome la msesewe. Nyama iligawanywa kwa kufuata nafasi ya mtu katika ukoo. Hapo mwenye gari alijifunza, au alikumbushwa, kwamba magurudumu hayampandishi mtu daraja. Mdogo aliyekuja na Peugeot alipokea kipande cha mdogo, na kaka yake aliyekuja na basi akapokea cha mkubwa. Kipindi hicho kilikuwa pia cha kumaliza magomvi. Aliyekosea alileta jani la sale kuomba radhi, na ni vigumu kulikataa. Baadhi ya magomvi yenyewe yalianza Dar es Salaam, kwa aliyekosa nafasi nyuma ya pikapu.

Kwa wiki mbili gari halikupumzika. Lilimpeleka mzee KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, na kumrudisha. Lilibeba kahawa ya mwisho wa msimu hadi chama cha msingi cha ushirika, mapipa ya mbege hadi harusini, jeneza hadi kaburini, mara nyingine yote hayo katika wiki moja, likisafishwa kwa ndoo ya maji katikati. Jumapili lilisimama nje ya kanisa la Kilutheri, ambako baada ya ibada sadaka za mazao hupigwa mnada, na likarudi na jogoo na mkungu wa ndizi ambavyo baba alivinunua kwa bei ya aibu kwa sababu majirani walikuwa wanamtazama. Malipo ya lifti yalikuwa mayai, parachichi na salamu. Hakuna aliyeandika deni, na hakuna aliyelisahau.

Mzigo wa kurudi mjini ulikuwa mwingine kabisa: mikungu ya ndizi, maharage, magimbi, kuku hai waliofungwa miguu, na ndugu mmoja au wawili wapya waliokwenda kutafuta kazi au shule. Wengi wa walioitwa baadaye wajomba wa Dar es Salaam waliingia mjini kwa njia hiyo, wakiwa wamekaa juu ya magimbi. Safari ya kurudi husimuliwa kidogo. Sukari ilikuwa imekwisha, shule zinakaribia kufunguliwa, na shangazi alibaki kijijini.

Aina hii ya safari ilikufa polepole katika miaka ya 1990 na 2000. Magari yaliyotumika Japani yalishuka bei, mabasi yakawa mengi na ya haraka, na familia ikahamia kwenye saluni, kisha Toyota Noah, kisha Alphard. Sheria nayo ilipata meno. Njia ya Moshi sasa ina vibao vya hamsini karibu kila kijiji, na askari wenye tochi ya kupima mwendo nyuma ya vichaka. Pikapu yenye watoto tisa juu ya godoro haingevuka Kibaha, na kwa haki, kwa kuwa ajali ya gari la namna hiyo ilikuwa msiba wa ukoo mzima kwa siku moja. Wanaoikumbuka kwa raha ni waliofika.

Kazi zake nyingine zimegawanywa. Kirikuu, kile kilori kidogo, hubeba simenti na mbege, bodaboda humbeba mgonjwa asiye mahututi, Hilux ya kebini mbili humbeba mwenye cheo. Katika vihamba kadhaa vya Marangu na Rombo bado kuna 404 iliyosimama chini ya migomba bila matairi, na mwenye nayo atakueleza kwamba inasubiri kipuri kimoja tu. Nyingi zaidi zimeuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kuyeyushwa kuwa nondo, isipokuwa ekseli, ambazo mafundi wa mikokoteni huzinunua kabla gari halijafika kwenye mizani.